Ufaransa: Siku mbili kwa kinga kando ya mto Loire, barabara isiyo na barieri

Ni saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, mwezi wa tano. Kando ya mto Cher, kusini mwa mji wa Tours nchini Ufaransa, Papa mmoja mzaliwa wa Kisangani anaufinya mpira wa kinga yake kwa kidole gumba. Ni mara ya tatu. Mpira ni mgumu kama jiwe, na yeye anajua hivyo. Anatafuta tu sababu ya kuchelewesha safari.

« Papa, twende, jua linapanda », namwambia.

« Ngoja kwanza, mtoto wangu. Kinga haipendi haraka. »

Papa huyu ana miaka 51, na zaidi ya 20 kati ya hiyo ameishi Tours. Ameomba jina lake lisiandikwe. Nilifahamiana naye nilipokuja katika mji huu kwa mafunzo mafupi ya uandishi wa habari. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika juu ya watu wanaotembea kwa kinga kando ya mto Loire, alicheka. Alisema yeye pia ana kinga, lakini iko katika chumba cha chini cha jengo lao na haijawahi kuona jua.

Aliinunua mwezi wa saba mwaka wa 2024. Siku zile, Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alikuwa akishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho wa mashindano. Kabla yake, hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua hata moja katika mashindano hayo yaliyoanza mwaka wa 1903. Papa alitazama televisheni, akalia, akaenda dukani, akarudi na kinga. Kisha akaishusha chini ya jengo na kufunga mlango.

« Niliinunua kwa furaha, anasema. Halafu woga ukanishika. Nilishuka kwenye kinga nikiwa na miaka 24. Tangu siku ile sijapanda tena. »

Zaidi ya hapo hasemi. Anapanda, anayumba kidogo, anashika usukani kwa nguvu kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe. Baada ya mita 100, mabega yake yanashuka. Miguu imekumbuka.

Barabara iliyotengenezwa kwa vitu vya zamani

Barabara tunayofuata inaitwa La Loire à Vélo, ni kusema Loire kwa kinga. Inaanzia karibu na mji wa Nevers, katikati ya nchi, na kufuata mto hadi Saint-Brevin-les-Pins, mahali Loire inapoingia katika bahari ya Atlantiki. Urefu wake ni karibu kilometa 900. Nayo ni kipande tu cha njia nyingine ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayotoka Atlantiki na kuvuka Ulaya hadi Bahari Nyeusi. Sisi tumechagua sehemu ndogo, kutoka Tours hadi kijiji cha Candes-Saint-Martin: karibu kilometa 70, ambazo tumezigawa katika siku mbili.

Mtu aliyezoea barabara zetu anaweza kufikiri kwamba serikali ilileta mashine kubwa, ikabomoa nyumba na kumwaga lami mpya kilometa zote hizo. Haikuwa hivyo. Viongozi wa majimbo mawili, Centre na Pays de la Loire, walipoamua jambo hili katika miaka ya 1990, waliangalia kwanza kile kilichokuwapo. Kulikuwa na njia za zamani za ukingoni, ambamo watu na farasi walivuta mashua kwa kamba. Kulikuwa na barabara ndogo za mashambani zinazopitwa na magari machache kwa siku. Na juu ya yote, kulikuwa na matuta.

Matuta haya ndiyo siri ya bonde la Loire. Mto huu una urefu wa zaidi ya kilometa 1000, ndio mrefu kuliko yote Ufaransa, na una hasira. Wakati wa kiangazi mchanga unaonekana katikati na ndege wanataga mayai juu yake. Mvua ikizidi, unapanda haraka. Katika karne ya 12, Henri Plantagenêt, mfalme aliyetawala Uingereza na sehemu kubwa ya magharibi ya Ufaransa, aliwapa haki maalum watu waliokubali kukaa juu ya matuta na kuyatunza. Wafalme waliofuata waliyaongeza na kuyainua. Hata hivyo mto uliyavunja katika miaka ya 1846, 1856 na 1866. Katika vijiji vya bonde hili, alama za mafuriko hayo zimechongwa ukutani, nyingine juu kuliko kichwa cha mtu mzima.

Leo, juu ya matuta yaleyale, watoto wanapita kwa kinga wakielekea shuleni. Kazi iliyobaki ilikuwa kusawazisha njia, kuweka vibao kwenye kila njia panda, na kukubaliana nani atakata majani na nani atarudisha kibao kikianguka. Kwa macho ya mgeni, hilo la mwisho ndilo kubwa. Tulipita njia panda nyingi sana siku hizo mbili, na hatukukosa kibao hata mara moja.

Njia yenyewe ni tambarare. Hakuna mlima wa kutoa roho. Tunapishana na mke na mume wazee wenye mifuko mikubwa pande zote mbili za gurudumu, kijana anayevuta mtoto katika kigari kidogo, na kundi la wanariadha waliovaa nguo za kubana, ambao wanapita kama upepo na kusema « bonjour » bila kugeuka. Papa anawatazama wakiondoka.

« Hawa wanakimbia kwenda wapi? Hakuna anayewafukuza! »

Tours ni mji unaojua kinga. Mashindano ya Paris–Tours yalianza mwaka wa 1896, kabla ya Tour de France yenyewe. Lakini wengi tunaokutana nao hapa hawashindani na mtu. Wanakwenda kilometa 30 au 40 kwa siku, wanasimama kula, wanapiga picha, wanalala. Siku inayofuata wanaendelea.

Kabichi za Villandry

Baada ya Savonnières, kijiji cha ukingo wa Cher chenye nyumba za mawe meupe, tunafika Villandry. Hapa kuna kasri iliyomalizika mnamo mwaka wa 1536. Mwenyewe alikuwa Jean Le Breton, mtu aliyeshughulikia fedha za mfalme François wa Kwanza. Kasri za namna hii ni nyingi katika bonde la Loire, kwa sababu wafalme na watu wao walipenda kukaa huku kuliko Paris. Ni mojawapo ya sababu zilizofanya UNESCO, mwaka wa 2000, kuandika bonde hili, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini watu hawaji Villandry kwa ajili ya kasri tu. Wanakuja kuona bustani ya mboga. Mwaka wa 1906, mganga mmoja kutoka Uhispania, Joachim Carvallo, na mke wake Mmarekani, Ann Coleman, walinunua mahali hapa. Badala ya kupanda maua peke yake, walirudisha bustani ya zamani yenye viwanja tisa vya mraba, ambamo kabichi, saladi, karoti, vitunguu na maboga vinapangwa kwa rangi kama kitambaa cha kitenge.

Papa anasimama mbele ya mstari wa kabichi za rangi ya buluu, mikono nyuma.

« Mama angeona hii angecheka mpaka aanguke. Watu wanalipa tiketi kuangalia kabichi! »

Kisha ananyamaza. Ni mara ya kwanza leo anamtaja mama yake. Mama huyo anaishi Kisangani, ana miaka zaidi ya 75, na katika maisha yake aliuza mboga sokoni. Aliwalea watoto sita kwa lengalenga na sombe.

Tukiondoka Villandry tunauacha mto Cher, ambao unaingia Loire karibu na hapo, na kwa mara ya kwanza tunaiona Loire yenyewe. Ni pana, rangi ya fedha, imejaa visiwa vya mchanga na miti. Haifikii mto wetu Kongo, na Papa hakosi kulisema. Lakini anasimamisha kinga na kuutazama kwa muda mrefu.

Upepo unatupiga usoni. Katika bonde hili mara nyingi upepo unatoka magharibi, baharini, na sisi ndiko tunakoelekea. Mwenye kutaka urahisi afanye safari akitoka baharini kuja Tours, siyo kama sisi.

Usiku wa Bréhémont

Tunalala Bréhémont, kijiji cha ukingoni chenye wakaaji mia chache na bandari ndogo ya mawe. Zamani kijiji hiki kilikuwa na kazi. Mashua za mbao zilisimama hapa kupakia mizigo, na mashamba yalitoa katani ya kutengenezea kamba. Halafu reli ikaja. Ilifika Tours mwaka wa 1846, na katika miaka michache mizigo ikahama kutoka mtoni. Mabaharia wa Loire walipoteza kazi. Vijana wakaanza kuhamia miji mikubwa. Huu ni ugonjwa wa vijiji vingi vya Ufaransa: shule inafungwa, mwoka mikate anastaafu bila mrithi, duka linakuwa nyumba ya mtu anayekuja siku za likizo tu.

Kinga haikuponya ugonjwa huo wote, na hapa hakuna anayedai hivyo. Lakini mtu wa kinga ana faida moja ambayo mtu wa gari hana: hawezi kupita bila kusimama. Ana njaa, ana kiu, amechoka, na baada ya kilometa 40 hana nguvu ya kutafuta hoteli ya mji wa mbali. Anakula na kulala pale jioni ilipomkuta. Mwenye gari anaona kijiji kwa dakika mbili kupitia dirisha.

Ndiyo maana kuna alama inayoitwa Accueil Vélo, ambayo leo iko Ufaransa nzima. Nyumba ya wageni ikitaka kuibandika mlangoni lazima iwe karibu na njia ya kinga, isizidi kilometa 5. Lazima iwe na mahali pa kufungia kinga salama, vyombo vya kuitengenezea, na chakula cha asubuhi kinachofaa mtu anayekwenda kutumia miguu yake siku nzima.

Mwenye nyumba tuliyolala ni mama wa makamo. Anatufungulia banda, anatuonyesha sanduku la vyombo na pompa, na kuuliza swali moja: tutakula saa ngapi asubuhi? Basi. Hakuuliza tunatoka wapi, wala tunakwenda kufanya nini.

Usiku, tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa bandari, Papa anarudi kwenye swali hilo.

« Umeona? Ameuliza saa ya chakula tu. Mimi siku nzima nilikuwa nangoja mtu atoke porini kuuliza: mizigo gani hiyo? Karatasi ziko wapi? »

Ndipo ananieleza kisa cha kinga yake ya mwisho.

Ilikuwa mwaka wa 1999. Vita vilikuwa vimekata barabara. Malori hayakupita tena kati ya Kisangani na vijiji vya upande wa Bafwasende, na msitu ulikuwa umeanza kula njia. Kwa hiyo vijana walibeba biashara yote kwa kinga. Wasomaji wa Tshopo na Uele wanawakumbuka, waliitwa kumba-kumba. Walikwenda na chumvi, sabuni na nguo, wakarudi na mchele na mafuta ya mawese. Kinga moja ilibeba mzigo unaozidi uzito wa mtu, na mwenyewe hakupanda, aliisukuma kwa miguu, kilometa zaidi ya 200, akilala porini.

Kinga ya Papa ilinunuliwa na mama yake. Zamu yake ya likelemba ilipofika, akina mama wenzake wa soko walimpa makuta yake yote, naye hakununua bati la nyumba wala kitenge. Alinunua kinga kwa ajili ya mwana wake mkubwa.

Safari ya nne, kwenye barieri moja, watu wenye bunduki waliitaka. Alikataa. Walimpiga fimbo mgongoni, wakachukua kinga na bidoni zote za mafuta. Alitembea siku nne kurudi nyumbani.

« Na Mama ulimwambia nini? »

« Nilimwambia nimeiuza. »

« Kwa nini, Papa? »

« Ningemwambia ukweli, angenikataza njia. Na bila njia tungekula nini? Nikasema nimeiuza, makuta nimekula na marafiki. Akanitazama, akaenda kupika. Hakusema neno. Mwaka uliofuata niliondoka Kisangani. Mpaka leo anajua kwamba mimi ni mtoto aliyekula likelemba ya mama yake. »

Mbele yetu mto ulikuwa mweusi na kimya. Sikuwa na la kujibu.

Kasri, minara na mvuke

Jumapili asubuhi tunapita Rigny-Ussé. Kasri yake nyeupe, yenye minara mingi ya ncha kali, imeegemea msitu juu ya mto Indre. Wenyeji wanasema ndiyo iliyompa mwandishi Charles Perrault wazo la hadithi yake ya binti wa mfalme aliyelala miaka mia, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka wa 1697.

Jiwe jeupe la nyumba zote hizi linaitwa tuffeau. Ni laini kiasi kwamba fundi anaweza kulikata kwa msumeno. Lilitolewa ndani ya vilima vilevile vinavyozunguka bonde, na mashimo yaliyobaki hayakuachwa bure. Katika mengine watu walijenga milango na madirisha, wakahamia. Katika mengine wanahifadhi divai au kulima uyoga. Ukipita kwa kinga unaona bomba la moshi likitokeza juu ya kilima, katikati ya majani, na hapo unafahamu kwamba chini yake kuna jiko la mtu.

Lakini msomaji asidhani kwamba nchi hii yote ni picha ya kalenda. Kilometa chache baada ya Ussé, mvuke mkubwa mweupe unapanda juu ya miti. Ni kituo cha umeme wa nyuklia cha Chinon, katika kijiji cha Avoine. Hapa ndipo shirika la umeme la Ufaransa lilipowasha mtambo wake wa kwanza wa nyuklia katika miaka ya 1960, na mitambo minne inafanya kazi mpaka leo, ikipozwa na maji ya Loire. Mto mmoja unanywesha mizabibu na mitambo, na bado unapeleka watalii.

Sehemu fulani tunatoka kwenye njia ya kinga na kuingia katika barabara ya magari. Papa anasogea pembeni kabisa, karibu aingie mtaroni. Gari linakuja nyuma, linapunguza mwendo, linangoja, kisha linapita mbali nasi. Sheria ya Ufaransa inasema nje ya mji gari liache mita moja na nusu kati yake na mtu wa kinga, na mita moja ndani ya mji. Wapo madereva wasiofuata. Lakini hata anayeivunja anajua kwamba ipo.

« Amengoja! Papa anapiga kelele. Gari limengoja kinga! »

Kutoka hapo anaendesha katikati ya upande wake, kifua mbele.

Candes, kijiji cha watu 200

Karibu saa nane mchana tunavuka daraja la mto Vienne, na Candes-Saint-Martin iko mbele yetu: nyumba nyeupe zilizobanana chini ya kilima, na kanisa kubwa lenye minara kama ngome. Vienne inaingia Loire hapahapa, ni mto wa tatu tangu tulipoondoka Tours, baada ya Cher na Indre. Ukipanda juu ya kilima unaona maji ya rangi mbili yakitembea pamoja kwa muda kabla ya kuchanganyika.

Kijiji kina wakaaji karibu 200 tu. Ni kimoja kati ya vijiji zaidi ya 170 vya chama kinachoitwa « Vijiji vizuri zaidi vya Ufaransa », kilichoanzishwa mwaka wa 1982 kwa wazo la Charles Ceyrac, meya wa Collonges-la-Rouge, aliyeogopa kuona vijiji vya zamani vikifa. Ili kuingia, kijiji kisiwe na watu zaidi ya 2000, na kiwe na majengo au mahali pasipopungua pawili panapolindwa na sheria. Jirani yake Montsoreau, kilometa moja mbele, ni mwanachama pia. Na huko Fontevraud, karibu kilometa 5 kutoka hapa, alizikwa yule mfalme Henri wa matuta, mwaka wa 1189.

Kanisa la Candes lilijengwa katika karne ya 12 na ya 13, mahali alipofia Mtakatifu Martin, askofu wa Tours. Wakatoliki wengi wa kwetu wanamjua: ni yule askari aliyekata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Alikuja Candes mwaka wa 397, akiwa mzee, kupatanisha mapadri waliokuwa wakigombana. Alifia hapa. Watu wa Poitiers na watu wa Tours wakagombania maiti yake. Usiku, wale wa Poitiers waliposinzia, wale wa Tours walimpitisha dirishani, wakamweka katika mashua na kupanda mto hadi kwao. Masimulizi yanasema kwamba ilikuwa mwezi wa 11, wakati wa baridi, lakini kila mahali mashua ilipopita, maua yalichanua ukingoni.

Papa anasikiliza maelezo hayo kanisani hadi mwisho. Kisha anatoka, anashuka mpaka ukingoni, anaegemeza kinga kwenye mti na kutoa simu.

Nataka kuondoka. Ananionyesha kwa mkono nibaki.

Inachukua muda. Intaneti ya Kisangani inakatika mara mbili. Mara ya tatu, uso wa koko mmoja mwenye kitambaa kichwani unatokea, karibu sana na kamera, jicho moja na nusu ya paji la uso.

« Mama, angalia mto! » anasema, akigeuza simu.

« Ni Tshopo? »

« Hapana, Mama. Ni mto wa huku, Loire. »

« Ni mdogo. Na ile kinga ni ya nani? »

Papa ananyamaza. Upande ule sauti ya jogoo inasikika.

« Ni yangu, Mama. Nimefika huku juu yake. Mama, ile kinga ya kwanza, ile ya likelemba. Sikuiuza. »

Anamweleza yote, haraka, kama mtoto anayesoma somo mbele ya mwalimu: barieri, bidoni, fimbo, siku nne za kutembea. Anapomaliza anaufuta uso kwa mkono wa shati.

Koko hajibu mara moja. Ninafikiri laini imekatika tena.

« Mwanangu, anasema mwishowe, mtu aliyeuza kinga na kula makuta harudi na shati limegandamana na damu mgongoni. Nani alilifua shati lile? Mimi nililifua. »

« Kumbe ulijua? Mbona hukusema? »

« Wewe ulitaka niamini kwamba uliiuza. Nikaamini. Sasa usisimame juani bila kofia. Umekula? »

Papa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Anajibu kwamba hajala. Mama yake anamkaripia, anamsalimia « yule binti aliye nyuma », yaani mimi, na namjibu: « Asante, Koko. » Kisha laini inakatika kweli.

Tunakula samaki na mkate katika mkahawa mdogo wa kijiji. Kwenye meza zinazotuzunguka, watu wote ni wa kinga, tunawajua kwa alama za jua mikononi. Mhudumu anajaza chupa zetu maji bila kuombwa.

Nilipanga turudi Tours kwa treni kutoka Saumur, ng'ambo ya mto, kilometa zipatazo 12 mbele yetu. Treni za huku zinakubali kubeba kinga, na wakati wa kiangazi kuna hata behewa la ziada kwa ajili yake kati ya Orléans na pwani. Lakini Papa ameomba simu yangu aangalie ramani, na sasa anahesabu kwa vidole kilometa zilizobaki mpaka baharini.

« Na jina lako, Papa? namwuliza. Mama anajua sasa. Niandike? »

Anafikiri kidogo.

« Jina acha. Kumba-kumba tulikuwa wengi. Andika kisa, kila mmoja aweke lake. »

Anasimama, anaenda kwenye mti, na kuufinya mpira wa kinga yake kwa kidole gumba. Mara moja tu. Halafu anapanda.